Buibui wa Bukini Anayetanda Mto Mzima, na Kazi ya Kumwandika

(Haya niliyaongea kwa walimu wa bailojia na vijana wa klabu ya mazingira hapa Tanga. Wengi mliomba maandishi, nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, msinidai sarufi.)

Asalaam aleykum, na wale wa Bwana asifiwe nao nawasalimu. Wazee wangu, walimu wangu, na nyie wadogo zangu mliojibana huko mlangoni mkisubiri chai, sogeeni mbele jamani viti vipo, na kama kuna anayeogopa buibui asiwe na wasiwasi, leo sijaja na yeyote mfukoni.

Leo namzungumzia buibui mmoja tu, maana nikianza kuwataja wote tutalala hapa. Kitaalamu anaitwa Caerostris darwini, na kwao ni Madagascar, Bukini ya wazee wetu, kule mashariki kwenye misitu ya mvua, hifadhi ya Andasibe-Mantadia. Ukitoka Antananarivo unateremka kuelekea bandari ya Toamasina, Andasibe unaikuta njiani. Watalii wanajaa pale kumsikiliza indri, yule lemuri mkubwa ambaye akianza kulia asubuhi msitu mzima unasikia, kwa hiyo watu wote macho juu kwenye miti, simu juu, kamera juu. Na kumbe pembeni hapo, juu ya mto, kuna utando umetandwa kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, hewani kabisa, na katikati ya mto amekaa mama mmoja rangi ya gome la mti, mwili wake bila miguu ni kama sentimita 2 hivi. Dume lake ndo usiseme, kadogo, kama thuluthi ya jike, ukiwaona pamoja huwezi kudhani ni mtu na mumewe.

Nyuzi zinazoshikilia ule utando zimepimwa zikafika mita 25. Rudia kichwani, mita ishirini na tano, na aliyezitoa ni mdudu wa sentimita 2 (najua najua, buibui si mdudu, mwalimu pale ameshanikunjia uso, ana miguu minane, niacheni niongee kama watu wanavyoongea). Na lile duara lenyewe la kunasia, yale makubwa kabisa, linakaribia mita za mraba 2.8. Hakuna utando mwingine wa duara unaojulikana mkubwa kuliko huo.

Swali ambalo kila mtoto analiuliza, na ndo swali zuri kuliko yote, anavukaje? Hawezi kuogelea na uzi, haruki, hana mabawa. Basi kuna watafiti walikaa wakamwangalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho na wakachapisha mwaka 2011. Anachofanya ni hivi, anakaa kwenye jani au tawi la ukingoni, anainua tumbo, halafu anaachia hariri hewani, lakini si uzi mmoja wa kubahatisha, anaachia kwa wingi sana, nyingi nyingi, upepo unaibeba inaelea juu ya maji mpaka inanasa kwenye mimea ya upande wa pili. Ikishanasa hana habari ya kupima pima wala kuzunguka kukagua kiwanja kama wanavyofanya buibui wengine wa duara, yeye anapita palepale, anaukaza ule uzi, anauongezea nguvu, halafu anashuka chini yake anaanza kujenga duara. Na kila siku anarudi kuimarisha ule uzi wa daraja, maana ukikatika huo kila kitu kipo majini.

Na kwa nini ajisumbue hivyo wakati msitu mzima upo? Kwa sababu juu ya mto kuna chakula kinapita na hakuna mwingine anayekifikia. Kuna kereng'ende, kuna wale wadudu laini wa mtoni ambao wakishaota mabawa wanaishi siku moja mbili tu, wanatoka majini kwa mkupuo mmoja, na katika utando mmoja walihesabiwa 32 wamenasa kwa pamoja. Kuna na nzi wadogo wanaokuja kudowea, buibui anakula na wao wapo palepale juu ya mawindo wanaramba. Watu walipoona ukubwa wa utando wakaanza kusema atakuwa ananasa ndege, ananasa popo. Habari tamu hiyo, lakini walichokikuta watafiti kwenye tando ni hao wadudu.

Sasa tuje kwenye hariri, maana hapa ndipo dunia ilipomjulia. Mwaka 2010 zilitoka makala mbili. Moja ilikuwa ya kumwandika spishi, kwenye jarida la Journal of Arachnology, waandishi ni Matjaž Kuntner wa Slovenia na Ingi Agnarsson ambaye ni mtu wa Iceland. Ya pili ilitoka PLoS ONE, hapo wakaongezeka na Todd Blackledge wa chuo kikuu cha Akron kule Marekani, wao wakachukua uzi wake wakauweka kwenye mashine ya kuvuta mpaka ukatike, wakapima. Jibu likatoka kwamba uzi huu unameza nishati kwa wastani megajuli 350 kwa kila mita ya ujazo, na nyuzi nyingine zilifika 520. Yaani zaidi ya mara mbili ya hariri yoyote ya buibui iliyokuwa imepimwa kabla, na zaidi ya mara 10 ya Kevlar, ile wanayotengenezea fulana za kuzuia risasi.

Magazeti yakaandika "uzi wenye nguvu kuliko chuma" na watu mpaka leo wanasambaza hivyo kwenye magrupu. Hapo naomba tuelewane kidogo kwa sababu wanafunzi wenu watawauliza. Chuma kizuri kinaweza kubeba mzigo mzito sawasawa na huo uzi au hata zaidi, shida ya chuma hakinyumbuki, kikifika mwisho wake kimekatika. Hapa Tanga wavuvi mpo, mnajua, mshipi ambao haunyumbuki hata ukiwa mnene kolekole akikurupuka anaukata, ule unaonyumbuka unamchosha samaki mpaka anakuja mwenyewe. Basi huyu buibui uzi wake una vyote viwili, una nguvu ya kubeba na juu yake unanyumbuka karibu mara mbili ya hariri ya buibui wengine wa duara, ndo maana kereng'ende anakuja kwa kasi anajibamiza na uzi unaimeza ile kasi yote bila kukatika. Kwa hiyo ukisema "mkakamavu kuliko", yaani unameza nishati nyingi kabla ya kukatika, hapo uko sawa, ukisema "nguvu kuliko" unawapoteza watoto.

Miaka tisa baadaye, 2019, timu ya Jessica Garb kule Massachusetts ikaangalia vinasaba vinavyofanya kazi kwenye tezi za hariri za buibui huyuhuyu, wakakuta kuna aina ya protini ya hariri ambayo ina prolini nyingi, moja ya vijenzi vya protini, na prolini inahusishwa na kule kunyumbuka, halafu ule mrija wa kutolea hariri kutoka kwenye tezi ni mrefu kuliko wa buibui wengine. Hiyo ni sehemu ya jibu, kazi bado inaendelea.

Kuna mzee hapa mbele nimeona anatabasamu tangu nimetaja nguvu ya uzi na najua anachowaza, anawaza Surat Al-Ankabut, aya ya 41, kwamba nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni nyumba ya buibui. Mzee wangu, aya inasema nyumba. Nyumba ya buibui haikingi mvua, haikingi jua, haikingi upepo, anayeitegemea kwa kujisitiri ameumia, na huyu wa Bukini hivyohivyo, mvua ikinyesha yuko nje. Mimi naongelea uzi. Tukimaliza nitakuja tukae tuongee vizuri zaidi.

Haya. Sasa sehemu ninayoipenda mimi, na ambayo kwenye magazeti haikuandikwa kabisa kwa sababu haina picha nzuri. Watu wanasema spishi "imegunduliwa", na vichwani tunaona mtu amevaa kofia anasukuma majani, anashtuka, "haaa!" Jamani, wale wanaokaa pembeni ya mito ya Andasibe, wanaovuka na mizigo alfajiri, utando unawapiga usoni tangu utotoni, wao walikuwa hawajamuona? Wamalagasi buibui wanamwita hala, na yule mkubwa wa nyuzi za dhahabu wanamwita halabe, wanawajua. Kilichokuwa hakipo ni maandishi. Yaani hakukuwa na karatasi hata moja ambayo mtu aliyeko Tanga au Tokyo, ambaye hajawahi kufika Bukini, angeisoma, achukue buibui aliye mkononi mwake, aseme "ndiye huyu" au "siye". Hiyo karatasi ndo kazi yenyewe, na ni kazi ya kukaa, ya mgongo kuuma.

Inaanza na kuthibitisha kwamba hajaandikwa na mtu mwingine, na hapo wengi wanachoka mapema. Jamii ya Caerostris yenyewe, yaani kundi la ndugu za karibu za huyu buibui, ilianzishwa mwaka 1868 na Msweden anaitwa Thorell, na spishi iliyoandikwa zamani zaidi humo ni ya 1793, Caerostris sexcuspidata, ambayo kwa taarifa yenu haiko mbali, iko bara la Afrika, iko Komoro, iko Aldabra. Sasa hao buibui wanabadilika badilika sura balaa, mmoja ana vinundu mgongoni mwingine hana, mmoja kijivu mwingine kahawia, kwa hiyo wazee wa zamani kila akiona mwenye sura tofauti anampa jina, anampa jina, mpaka mwaka 1984 Mjerumani Manfred Grasshoff akakaa na masanduku ya makumbusho akayapanga upya, majina mengi yakafa, zikabaki spishi dazeni moja hivi. Na kanuni ni kwamba jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshinda, haijalishi lako ni zuri kiasi gani.

Na kwenye buibui tuna mkongwe kuliko wote. Wanyama wengine wote majina yao yanahesabiwa kuanzia 1758, kwa Linnaeus, yule Msweden aliyeweka mfumo wa majina ya kitaalamu. Buibui peke yao wamepewa ruhusa ya kurudi mwaka mmoja nyuma, 1757, kwa sababu Carl Clerck alikuwa ameshachapisha kitabu cha buibui wa Sweden na kilikuwa kizuri mno kukitupa. Tangu hapo mpaka leo majina yote yanatunzwa kwenye orodha moja, World Spider Catalog, iko makumbusho ya Bern, Uswisi, na mwezi wa nne 2022 iliandikisha spishi ya 50,000, buibui mrukaji wa Amerika Kusini. Kuitafuta ni bure, hata kama simu yako hiyo ni ya kitochi, azima ya mwenzako yenye bando.

Ukishajiridhisha, unarudi kwenye maikroskopu, na hapa walimu mtanisamehe lakini lazima niseme, kinachotenganisha spishi za buibui kwa uhakika ni sehemu za uzazi. Rangi inadanganya, ukubwa unategemea alikula nini. Jike ana sahani ngumu ndogo chini ya tumbo, dume ana vile vidole viwili vya mbele vya kupitishia mbegu, na maumbo yake ni tata, kila spishi na lake. Kwa hiyo unamsafisha, unamgeuza, unachora, unapima kila pingili ya mguu, unaandika ukurasa mzima unaosomeka kama risiti ya duka. Kisha unachagua mmoja, mmoja tu, huyo anakuwa holotaipu, ndiye mwenye jina, anaingia kwenye kichupa cha spiriti chenye lebo na anawekwa makumbusho milele, siku watu wakigombana miaka mia ijayo watamwendea yeye. Makala ya buibui wetu walikuwa wanaiandaa tarehe 24 Novemba 2009, siku ileile kilipotimia miaka 150 kitabu cha Charles Darwin cha asili ya spishi, ndo jina darwini lilikotoka.

Tena wakati mwingine spishi iko makumbusho tayari na hakuna anayejua. Huyohuyo Kuntner na mwenzake Jonathan Coddington, mwaka 2009, waliandika buibui mkubwa wa nyuzi za dhahabu, Nephila komaci, na wa kwanza kabisa alikuwa kakaa kwenye kichupa huko Pretoria tangu alipokusanywa 1978 Afrika Kusini. Wakamtafuta porini wakamkosa, wakadhani ameshatoweka, wakapata mwingine kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya Vienna, lebo inasema Madagascar, na baadaye ndo wakapatikana hai kwenye hifadhi ya Tembe, KwaZulu-Natal. Miongo mitatu kwenye kabati! Nikiwaambia msitupe sampuli za shule zenye lebo nzuri muwe mnanielewa.

Hapa nina neno langu la kuudhi kidogo. Angalieni majina niliyotaja mchana huu wote. Slovenia, Iceland, Marekani, Ujerumani, Sweden. Siwalaumu, wamefanya kazi na wameifanya vizuri, lakini kuna kitu hakijakaa sawa pale ambapo anayejua mto kwa miguu yake hayupo kwenye karatasi. Mwaka 2015 wakaongeza tena spishi mpya 6 za jamii hiihii ya Caerostris, na safari hii si Madagascar pekee, nyingine ni za bara letu. Na sisi hapa tuko saa chache tu kutoka Amani, Usambara Mashariki, milima ambayo viumbe vyake vingi havipatikani popote pengine duniani. Mdenmaki Nikolaj Scharff amekuwa akihangaika na buibui wa milima yetu, Udzungwa kwenda juu, tangu miaka ya 1980. Wadogo zangu, maikroskopu ya shule inatosha kuanzia, orodha ni ya bure, spiriti inauzwa. Kinachokosekana mimi naona ni mtu wa kukaa chini na kuandika bila kuchoka, na kwenye kukaa chini na simu mbona hatuchoki.

Maswali yalikuwa mengi, naweka matatu tu.

Dada mmoja aliuliza kama hiyo hariri inaweza kufugwa tukauza. Bukini wamejaribu kwa yule halabe, tangu karne ya 19 padri Mfaransa Camboué alikuwa anawavua nyuzi, na mwaka 2009 kitambaa cha hariri yao, rangi ya dhahabu halisi bila kutia rangi, kilioneshwa New York, kilihitaji buibui zaidi ya milioni moja. Wanakamatwa, wanatolewa uzi, wanaachiwa. Shida kubwa ni kwamba ukiwaweka pamoja wanakulana. Kwa hiyo biashara hapo hapana dada yangu, labda maabara siku moja watengeneze ile protini wenyewe.

Mwalimu mmoja akauliza anauma? Sumu anayo kama karibu buibui wote, anatumia kwa mawindo, kwa mtu hana habari na wewe. Ukimshika kwa nguvu hata wewe ningekushika hivyo ungeniuma.

Na kijana wa nyuma kabisa, yule wa chai, akauliza tukikusanya tunaweka kwenye nini. Swali la kazi hilo. Spiriti asilimia 70 kama unataka kuangalia umbo, 95 kama unataka vinasaba, ile ya bluu ya kuwashia jiko hapana. Kila kichupa lebo yake ndani, si nje, nje inabanduka, na iandikwe kwa penseli maana wino wa peni unayeyuka wote humo ndani unabaki na maji ya bluu na buibui asiye na kwao. Andika mahali, tarehe, nani kakusanya, na alikuwa anafanya nini ulipomkuta. Hifadhini hampigi hata nyenje bila kibali, kwa kuanzia bustani ya shule na ua wa nyumbani panatosha sana.

Kwa waliojiandikisha kutembea usiku, tunakutana saa mbili geti la nyuma. Mje na tochi ya kufunga kichwani, ishikeni usawa wa macho ndo mtaona macho ya buibui yanang'aa kwenye nyasi. Viatu vya kufunika, ndala sitaki, na anayemleta mdogo wake amshike mkono mwenyewe.